Jina la Mtoto Kwenye Mfuko wa Unga

Tulimzika Mama Faraja siku ya Jumamosi, mvua ikiwa imekatika tangu asubuhi, na jioni ile nilikaa nyuma ya nyumba yake ya Mlabani, hapa Ifakara, pamoja na wanawake waliokuwa wanaosha vyombo vya msibani. Wali ulikuwa umebaki kwenye sufuria kubwa, maharage yameshapoa, na mtu alikuwa amenipa sahani ambayo niliishika tu mapajani bila kula. Wanawake wawili nisiowajua walikuwa wanasugua masizi kwa majivu huku wakizungumza. Mmoja alisema marehemu alikuwa mchapakazi, ila alizubaa, jina la unga wake likachukuliwa na mjanja. Angewahi kulisajili, angekuwa tajiri wa mji huu. Mwenzake akaitikia, "Ndiyo hivyo. Kina mama wa wakati ule mambo ya ofisi wangeyajulia wapi?" Nilitaka kuwajibu, kisha nikaona pale si mahali pake, na mwili wenyewe ulikuwa umechoka kwa kulia. Lakini nilikuwepo. Mwaka ule wote nililala kwenye chumba kilichopakana na jiko lake, nilichambua karanga kwenye ungo wake, na ninajua kwamba Mama Faraja hakuzubaa hata siku moja. Alisubiri, na alijua kwa nini anasubiri. Kwa kuwa sasa hayupo kujieleza mwenyewe, nitaueleza mwaka ule kama nilivyouona.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa na cheti cha biashara, na ahadi ya kazi ya ukarani kwenye mashamba ya miwa, ahadi ambayo kila nilipoifuatilia niliambiwa niendelee kusubiri. Nilipanga chumba cha uani kwa Mama Faraja: kitanda, ndoo mbili, na dirisha dogo lililofungukia jikoni kwake, kiasi kwamba niliamka kila siku na harufu ya soya inayokaangwa. Hadi leo naweza kufumba macho nikaiona nyumba ile. Sebuleni kulikuwa na makochi mawili yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, picha ya Bikira Maria juu ya mlango, na magunia ya mchele yaliyopangwa juu ya mbao ili maji ya masika yasiyafikie. Uani kulikuwa na banda la jiko, kinu, karai pana, na turubai la kuanikia ambalo Faraja, binti yake wa pekee, alikatazwa kulikanyaga na alilikanyaga kila siku. Mumewe, Baba Faraja, alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha sukari, mbali kidogo, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Siku hizo ndipo tulipokula kambale wa nazi. Siku nyingine tulikula ugali na mlenda, na msimu mpunga ulipokuwa haujakomaa vizuri tulitafuna pepeta, ule mpunga mbichi unaokaangwa na kutwangwa, tukiwa tumekaa juu ya mikeka huku tunachambua soya.

Unga ulianza kwa ajili ya mtoto. Faraja alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo kiasi kwamba manesi walimzungumzia kwa sauti ya chini, na alipofikisha umri wa kuanza uji alikuwa bado mwepesi kama kifaranga. Mama yake akawa anamtafutia mchanganyiko: mchele, mahindi kidogo, karanga, na soya. Soya aliichemsha kwanza, akaianika, ndipo akaikaanga, kwa sababu bila kuchemshwa, alisema, tumbo la mtoto haliiwezi. Faraja akanenepa. Kliniki wenzake wakamuuliza amempa nini mtoto, na wiki iliyofuata wakaja nyumbani na makopo: "Nipimie na mimi ule unga wa Faraja." Hakuna aliyekaa chini akatunga jina. Lilitoka kliniki likaingia mtaani, na mimi nilipofika, lilikuwa limeshavuka mto. Wakati huo daraja lilikuwa halijajengwa, tulivuka kwa pantoni, na kina mama wa upande wa Ulanga waliokuja sokoni walirudi na unga wa Faraja kwenye vikapu vyao.

Sokoni kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa jumla, Mzee Method, mtu wa heshima, mzee wa kanisa, mwenye duka lenye milango miwili. Ndiye aliyemwambia Mama Faraja kwamba mifuko ya kuandikwa kwa kalamu haiuzi. "Mama, unga wako mzuri, lakini umevaa matambara," alisema, akicheka kwa upole. Akajitolea kuchapisha lebo mjini Morogoro. Zikaja lebo za njano, picha ya mtoto anayecheka, neno FARAJA kwa herufi nyekundu, na chini kabisa namba ya simu ya duka lake, kwa kuwa Mama Faraja hakuwa na simu. Tulizibandika jioni nzima kwa furaha. Faraja alibandika moja kwenye paji la uso wake akazunguka nayo uani akipiga kelele kwamba yeye ni unga. Mama yake alicheka hadi akajifuta machozi kwa upindo wa khanga. Nafikiri ndiyo mara ya mwisho niliyomwona akicheka namna ile mwaka ule.

Muda mfupi baadaye iliitishwa semina ya wajasiriamali wadogo kwenye ukumbi wa parokia. Mimi ndiye niliyemburuta. Mtoa mada alikuwa wakili kijana, mwanamke, aliyezungumza bila kutumia maneno makubwa. Mama mmoja aliyekuwa anatengeneza sabuni alisimama akauliza swali ambalo sote tulikuwa nalo.

"Mwalimu, tusajili lini? Biashara yangu bado changa. Nikilipia jina halafu biashara yenyewe ikafa?"

"Umeuliza vizuri," wakili akasema. "Ukisajili siku ya kwanza, unaweza kulipia jina la kitu ambacho hakitafika Krismasi. Ukichelewa sana, mwingine atalipia jina ulilolihangaikia wewe. Mimi ninawaambia hivi, waangalieni wanunuzi wenu. Jirani ananunua kwa sababu anakufahamu. Lakini siku akija mtu usiyemjua, ambaye hajawahi hata kuiona sura yako, akataja jina la bidhaa, basi jina limeshaanza kutembea bila wewe. Siku hiyo fungeni safari ya Dar es Salaam, kwenye ofisi ya usajili."

Watu wakaandika. Mama Faraja hakuandika. Alinyoosha mkono mwishoni kabisa, wakati viti vimeshaanza kusogezwa.

"Linasajiliwa kwa jina la nani?"

"La mwenye biashara, mama."

"Na mwenye biashara ni nani?"

Ukumbi ukacheka, ukidhani ni utani. Wakili hakucheka. Alimtazama kidogo, kisha akasema, "Hilo mnalijibu nyumbani, kabla hamjaja ofisini."

Siku aliyoizungumzia wakili haikukawia. Nilikuwa nafagia uani mwanamke mmoja aliposimama getini, mtoto mgongoni, miguu imejaa vumbi. Alikuwa ametoka Masagati, huko ndani kabisa baada ya Mlimba, amemleta mtoto hospitali. Alinisalimia, kisha akatoa kwenye pochi ya nguo kipande cha lebo ya njano kilichokunjwa mara nyingi. "Nimeelekezwa hapa. Natafuta unga huu. Dada yangu alipewa na mtu, mtoto wake akapona kwashakoo. Nyie mnamfahamu huyo Faraja?" Mama Faraja alitoka jikoni akimfuta mtoto wake uji mdomoni, akasema, "Ndiye huyu." Mgeni alimwangalia Faraja kwa muda mrefu, kama mtu aliyeonyeshwa kitu cha kanisani. Tukampa unga, na hatukuchukua kitu. Alipoondoka nilisema, "Dada, umeona? Huyu hatumjui. Ndiyo siku yenyewe." Alikuwa ameinama juu ya karai, anakoroga soya, na hakuinua uso. "Ngoja kwanza, Devota," alisema.

Nilimwona mzito. Nilikuwa na cheti changu na maneno ya wakili kichwani, na kila nilipopata nafasi nilimkumbusha, na kila mara alisema ngoja. Sababu niliijua Jumapili moja mchana, mwisho wa mwezi, baada ya kula. Baba Faraja alikuwa nyumbani, nami nilikuwa nimejilaza chumbani kwangu, dirisha wazi. Walikuwa wamekaa jikoni na hawakunong'ona, kwa sababu hawakuwa watu wa kugombana.

"Andikisha kwa jina langu," Baba Faraja alikuwa anasema. "Mimi ndiye mkuu wa nyumba. Nyumba iko kwa jina langu, shamba liko kwa jina langu. Unga nao una nini cha tofauti?"

"Nyumba uliijenga wewe."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni haki iwe kwa jina lako. Unga ninaukaanga mimi."

Nilisikia kijiko kikiwekwa kwenye sahani.

"Umeanza kunigawia vitu, Yasinta?"

"Sijaanza. Nimeulizwa mwenye biashara ni nani, na sijui nitajibuje bila kukuumiza."

"Basi subiri mpaka utakapojua," alisema. Haikuwa kwa ukali. Nadhani ukali ungekuwa mwepesi zaidi kuubeba. Alisema kwa sauti ya mtu aliyeumia tayari, akatoka, akachukua baiskeli yake akaenda kumtembelea nduguye. Mama Faraja alibaki pale jikoni, na mimi kitandani sikuthubutu kujigeuza, maana kitanda kile kilikuwa kinalia. Sasa nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao yeye siku ile, nimeolewa, nimeona nyumba nyingi kwa ndani, na ninaelewa kwamba hakuwa anangoja ushauri wala nauli ya Dar es Salaam. Angeandikisha jina la mumewe, angekuwa amesema uongo kuhusu kazi ya mikono yake. Angeandikisha lake, angemtia aibu mwanamume ambaye hakuwahi kumnyanyulia mkono wala kumnyima kula. Kwa hiyo aliacha jina likae bila mwenyewe, akitumaini kwamba moyo wa mumewe utalainika kabla mtu mwingine hajaliona. Watu wanaosema alizubaa hawakusikia kijiko kile.

Masika yalikuwa mabaya. Barabara ilikatika, soya haikufika, na mahindi yaliyopatikana yalikuwa yamelowa. Mama Faraja alisimamisha kazi. Alimtumia Mzee Method ujumbe kwamba unga hautakuwepo mpaka jua litakaporudi, akaning'iniza ungo ukutani. Lakini mifuko ya njano iliendelea kuonekana. Tuliiona dukani kwanza, tukadhani ni ya zamani. Kisha wanawake wakaanza kuja getini, si kwa kununua. Wa kwanza alikuwa jirani yetu wa tangu siku za kliniki. Alikuja na mfuko ulioliwa nusu, akauweka juu ya meza bila kusema shikamoo, yeye aliyekuwa hapiti bila kuamkia. "Mwanangu ameharisha tangu juzi. Umeweka nini humu?" Mama Faraja alichota unga kiganjani, akaunusa, akaulamba kidogo. Niliuona uso wake ukibadilika. Soya ilikuwa mbichi, na mahindi yalinuka uvundo.

"Huu si wangu," alisema.

"Umeandikwa Faraja."

"Ninaona. Lakini si wangu."

Yule mama alimtazama Faraja aliyekuwa anacheza mlangoni, akautazama mfuko, akaondoka bila kuaga. Walikuja na wengine. Hakuna mtoto aliyekufa, namshukuru Mungu kwa hilo hadi leo, lakini wawili walilazwa. Faraja mwenyewe, aliyekuwa ameanza shule ya chekechea, alirudi siku moja akakaa chini ya meza akakataa kutoka. Wenzake walikuwa wanamwimbia kwamba Faraja anaharisha, Faraja anaharisha. Mama yake aliingia chini ya meza pamoja naye. Nikabaki nimesimama na bakuli la uji, nikiiona miguu ya wote wawili imetokeza.

Tulikwenda kwa Mzee Method asubuhi iliyofuata. Tulimwamkia, akaitikia vizuri, akatuletea viti na soda. Mama Faraja hakugusa soda.

"Mzee, unga ule unausaga wewe?"

"Mama, wateja walikuwa wanaulizia. Ningewaambia nini? Nilitafuta mtu wa kusaga."

"Soya haikuchemshwa."

"Hilo litarekebishwa."

"Ninaomba uache kutumia jina la mtoto wangu."

Mzee Method alishusha pumzi. Lazima niseme hakuwa na uso wa mwizi. Alikuwa na uso wa mtu anayeamini ana haki. "Jina ni la mtoto, sawa," alisema. "Lakini lebo nilichapa mimi. Picha niliitafuta mimi. Huko Mlimba na Mahenge nimeusambaza mimi. Kabla yangu ulikuwa unga wa kupima kwa kopo." Akasema pia, akiwa anaangalia barabarani, kwamba kama tuna shaka tuulizie kwenye ofisi husika.

Tulipanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam siku barabara ilipopitika. Ofisini tulipokelewa na kijana mpole aliyetuamkia wote wawili ingawa mimi nilikuwa rika lake. Alisikiliza, akatafuta kwenye kompyuta yake. "Kuna ombi tayari, mama. Jina hilohilo, kwa unga na vyakula vya watoto." Akalitaja duka la Mzee Method. Kijana aliendelea kutueleza kwa utaratibu kwamba ombi limetangazwa, na muda wa kupinga haujaisha. Kwa kuwa sisi ndio tulioanza kulitumia jina, tungeweza kupinga, tena tukiwa na mashahidi na wakili tungekuwa na nafasi nzuri. Lingechukua muda, lakini inawezekana. Mama Faraja alimshukuru, akaomba tutoke kidogo tukafikirie.

Tulikaa kwa mama lishe upande wa pili wa barabara, tukaagiza chapati na maharage. Mimi nilikuwa nazungumza kwa kasi. Nilikuwa nawataja mashahidi: manesi wa kliniki, jirani zetu, yule mwanamke wa Masagati tungemtafuta. Tutashinda, nilisema, kila mtu Ifakara anajua. Yeye alikuwa anakata chapati vipande vidogo bila kuvila.

"Tukishinda tutapata nini?" aliuliza.

"Jina letu, dada."

"Jina lipi? Lile ambalo watoto wanaliimba shuleni?" Aliweka chapati chini. "Nikianza kupigana, mwaka mzima jina la mwanangu litakuwa linatajwa kwenye kesi, na dukani mifuko ile itaendelea kuuzwa. Na nikishinda, nirudi niwaambie kina mama nunueni Faraja? Hawatanunua. Na mimi sitawalaumu."

"Kwa hiyo tunamwachia?"

"Ninachukua lingine. Leo hii, kabla sijapima hata kikombe kimoja."

Nililia pale mezani, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na mama lishe akaniletea maji bila kuuliza. Sikukubaliana naye. Sijui kama ninakubaliana naye hata sasa. Nimewahi kuwaambia wanawake wengine wapinge, na baadhi yao wameshinda. Lakini uamuzi haukuwa wangu, na mtoto hakuwa wangu. Tuliporudi ofisini kijana aliuliza jina jipya ni lipi, na hapo nikagundua kwamba hakuwa amelifikiria. Nikataja maneno yaliyonijia: Afya, Lishe Bora, Kilombero. Kijana akatikisa kichwa. Maneno ya kusifia bidhaa ni ya kila mtu, akasema, na jina la bonde ni la bonde zima; hawezi mtu mmoja kulimiliki.

"Wewe mwenyewe unaitwa nani?" akamuuliza.

"Mama Faraja."

"Jina lako la ubatizo, mama."

"Yasinta."

Kijana akasema jina la mtu linaweza kukubalika kama limeandikwa kwa namna yake mwenyewe, kama mtu anavyotia sahihi. Akampa karatasi nyeupe na kalamu. Mama Faraja aliandika polepole, herufi zimeinamia kulia, mkia wa Y umeburuzwa chini ya neno zima. Kisha kijana akauliza swali lililotuchelewesha muda wote ule: mwombaji ni nani? Nilimwangalia. Aliilaza kalamu juu ya karatasi. Kisha akasema, "Ni mimi." Na akataja majina yake yote matatu, akianza na lake.

Baba Faraja alikuja mwisho wa mwezi. Mkewe alimweleza yote wakati anakula, bila kuficha, na safari hii nilikuwepo mezani kwa sababu Mama Faraja alinishika mkono nilipotaka kunyanyuka. Shemeji alimaliza kutafuna, akanawa mikono, akajifuta.

"Kwa hiyo mimi simo?"

"Wewe ni mume wangu," Mama Faraja alisema. "Huo ni unga."

Aliondoka kesho yake kabla ya siku zake za mapumziko kuisha, na mwezi uliofuata hakuja. Alituma matumizi kwa mtu. Wala mwezi wa pili hakuja. Ilikuwa miezi mirefu. Hatukuwa tunauza, Mama Faraja alikataa kutoa hata mfuko mmoja mpaka muda wa kupinga jina lake jipya utakapokwisha na aambiwe limepita. Tulikula mlenda, tukala matembele, tukala ugali kwa chumvi na pilipili. Alikwenda kupalilia mpunga wa watu kwa kibarua, akarudi na miguu imevimba kwa maji ya jaruba. Majirani walikuwa wanamwonea huruma kwa sauti ambayo anaisikia. Sijawahi kumsikia akimsema vibaya mumewe wala Mzee Method. Usiku alisali rozari na Faraja, na jina la baba yake lilitajwa kila siku, kwa utulivu uleule.

Taarifa ya ofisini ilipokuja, hakushangilia. Aliutoa ungo ukutani. Siku ya kwanza alipika sufuria nzima ya uji, akauweka getini na vikombe, akawaambia waliopita waonje bure. Wengi walipita. Yule jirani aliyekuja na mfuko alisimama mbali, kisha akasogea, akanywa, akauliza, "Huu ni upi?" "Ni wangu," Mama Faraja akasema, akamwonyesha mfuko mweupe wenye mwandiko wake. Jirani alisoma, akainua uso. "Kumbe unaitwa Yasinta?" Walikuwa wamejuana miaka yote ile. Wakacheka kidogo, kwa aibu, na akamwamkia kama zamani. Biashara ilirudi polepole, nyumba kwa nyumba. Baba Faraja alirudi pia, siku moja ya kazi, akamkuta mkewe anahangaika kupakia gunia kwenye baiskeli kwenda mashineni. Aliliondoa gunia mikononi mwake, akalifunga vizuri, akalisukuma mwenyewe. Mzee Method naye aliacha unga baada ya muda, kwa kuwa hakuna aliyeununua tena, na akatuma mtu kumuuliza Mama Faraja kama anataka kulichukua lile jina. Alijibu kwamba mwenye jina yuko shule, anaendelea vizuri, na hahitaji kuuzwa tena. Mimi mwisho wa mwaka nilipata kazi Morogoro, nikaondoka. Ndio mwaka wenyewe.

Jumapili baada ya maziko, ukoo ulikaa kikao sebuleni. Makochi yamebadilishwa, picha ya Bikira Maria iko palepale. Baba Faraja, mzee sasa, macho yake hayaoni vizuri, alikaa kwenye kiti karibu na mlango, na mdogo wake akawa anataja mali aliyoacha marehemu ili ijulikane mbele ya wote: mashine ya kusaga, mizani, magunia, mashamba mawili aliyoyanunua upande wa Mbingu. Alipomaliza aliuliza kama kuna kilichosahaulika. Faraja, ambaye ni mwanamke mzima, mwenye watoto wake wawili, alisema kutoka kwenye mkeka, "Jina la unga, baba mdogo."

Baba mdogo alitabasamu. "Jina nalo utaligawa vipi? Jina si mali."

Watu wawili watatu wakaguna kukubaliana naye. Faraja alifungua mdomo, lakini baba yake akainua mkono, na chumba chote kikanyamaza kumsubiri, maana tangu mkewe alipofariki hakuwa amezungumza zaidi ya kuitikia pole.

"Anza upya," alimwambia mdogo wake. "Weka jina kwanza. Ni la Yasinta, alilipata yeye mwenyewe, mimi sikumsaidia. Hizo mashine na mashamba vimetoka humo."

Kisha akaomba aletewe maji ya kunywa.